Mzee Matonya, Mpima Maji wa Igwata

Wasikilizaji wapendwa, mbukwenyi nyote. Habari zenu wa Zuzu, wa Kibakwe, wa Haneti, na wewe uliyeegesha bajaji kivulini ukijifanya unasubiri abiria kumbe unasubiri kipindi. Mimi ni Iddy Munir, na kiti hiki cha kipindi cha Nyayo leo nimekikalia kifua mbele. Kwa sababu kumbukumbu ya leo sikuiokota kwa simu. Nilikwenda mwenyewe machimbo ya Igwata, kule nyuma ya Haneti. Nikashuka duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo. Lina kina cha pima kumi na tano. Nilishuka zote kumi na tano, na moyo wangu ulitulia kama wa mtu anayechagua zabibu sokoni.

Haya. Mama aliyeketi mbele yangu hapa studio ameinua macho, nami nililelewa. Siwezi kumdanganya mjane usoni. Nilishuka vipandio saba. Cha nane sijui kilikuwa na rangi gani. Nilisikia tone la maji likianguka huko chini, na lilivyochelewa kufika, nikapiga kelele nipandishwe. Nilipandishwa kwa kuvutwa kola. Shati lenyewe halifungiki tena.

Nacheka, wasikilizaji, lakini lile shimo sirudi tena hata kwa mshahara wa mwaka. Ndiyo maana nimeanza na aibu yangu. Mtu tunayemkumbuka leo aliliogopa kuliko mimi. Aliliogopa miaka ishirini na saba. Halafu siku moja akashuka.

Jina lake Matonya Ndahani. Amefariki akiwa na miaka sitini na mmoja, Alhamisi, mwezi mmoja uliopita, katika machimbo ya Igwata. Ameacha mke, mama Anyesi, ambaye tunaye hapa. Ameacha binti, Yasinta, anayefundisha shule ya msingi. Pia tunaye hapa Optatus, kijana mchimbaji, mmoja wa watu wawili waliotoka shimoni siku ile. Karibuni, na poleni.

Matonya ni jina la mvua. Kwa Wagogo, mtoto akizaliwa mvua inadondoka, jina analo tayari, mzazi hahangaiki. Alizaliwa nyumba ya tembe ikivuja, bibi yake akimkinga kwa ungo. Alichunga mbuzi. Akalima uwele. Kilipotokea kile kijiwe cha kijani pale Igwata, kinachopendwa na wachonga pete, naye akashika sululu kama vijana wenzake. Alikuwa na mdogo wake, Daudi. Daudi alikuwa chini, Matonya alikuwa juu kwenye winchi, anavuta ndoo za kifusi.

Mnakumbuka mvua zile za mwaka tisini na nane? Zile zilizobeba madaraja? Siku moja ya mvua zile, Matonya alikuwa ameshika mpini wa winchi, Daudi amejifunga kamba aje juu kula. Kamba ilikuwa nzito. Ghafla chini pakanguruma, mara moja tu. Kamba ikawa nyepesi.

Mama Anyesi ananiambia kwamba mumewe hakuwahi kusimulia zaidi ya hapo. "Alikuwa akifika kwenye kamba kuwa nyepesi, anaigeuza mikono. Anaangalia viganja vyake."

Hakushuka tena. Shimo lile lilijaa maji, likaachwa. Yeye akaomba kazi ya pampu.

Sasa mtu wa mjini utaniuliza, Iddy, Dodoma maji yametoka wapi? Sisi hapa bomba likikohoa tunapiga picha. Mzee Matonya alikuwa na jibu lake. Alisema, "Maji Dodoma yapo. Yamejificha tu, na yakijificha yanasikiliza."

Nisikilize vizuri hapa, maana habari yote imekaa hapa. Igwata kuna mashimo mawili. La zamani, alilofia Daudi, limejaa maji. La sasa lina watu. Kati yake ni hatua kumi na mbili. Na wachimbaji wa shimo la sasa, wakifika chini, walikuwa wanafuata mwamba wa kijani ubavuni. Mwamba ulikuwa unaelekea wapi? Unaelekea shimo la zamani. Kila wiki ukuta kati ya watu na maji ulipungua. Hatua kumi na mbili. Hatua nane. Mwezi wa kwanza mwaka huu zilibaki hatua nne.

Kilichowaweka hai ni pampu. Pampu ilikaa shimo la zamani, inavuta maji, inayamwaga kwenye hori. Kiangazi kinamama wa Igwata walichota hapo, na wafugaji wakanywesha ng'ombe. Na kwa kuwa maji yalikuwa yao, mafuta yalikuwa yao pia. Kila kaya ilikuwa na zamu yake ya kuleta chupa ya dizeli. Leo kwa Chiwanga, kesho kwa jirani yake. Pampu haikulala. Mama amepika mlenda wake kwa maji yale, ameosha watoto, na kumbe amewalinda wanaume waliokuwa chini ya miguu yake. Yeye hajui. Wao hawajui. Matonya peke yake alikuwa anajua.

Kifuku kikaja. Mvua zikaanza, makorongo yakatiririka, madimbwi yakajaa mpaka mlangoni. Nani atabeba ndoo mpaka machimboni? Hakuna. Na asiyechota haleti dizeli. Zamu zikakatika zenyewe, bila kikao, bila ugomvi. Pampu ikanyamaza.

Mmenipata, wasikilizaji? Pampu ilinyamaza wakati wa mvua. Maji yalipokuwa mengi kuliko siku zote, ndipo hayakuwa na wa kuyatoa. Na hakuna aliyefanya kosa. Watu walifurahi tu kwamba mvua imenyesha.

"Mume wangu alikuwa mtu pekee Igwata aliyekunja uso mvua ikinyesha," anasema mama Anyesi. "Wenzake wanapiga vigelegele, yeye anatafuta katambuga zake za tairi. Nikimuuliza, Baba Yasinta, unakwenda wapi na mvua hii? Ananijibu, nakwenda kumwangalia."

Kumwangalia nani? Maji. Aliyaita kama mtu.

Alikuwa na kamba ya katani, ndefu, nati ya chuma imefungwa mwishoni, na fundo kila pima moja. Anasimama mdomoni mwa shimo la zamani, anaiteremsha taratibu, anahesabu mafundo yanavyopita vidoleni. Nati ikigusa maji, mkono unajua. Kiangazi, pampu ikifanya kazi, iligusa fundo la kumi na tano. Huko chini kabisa. Ikigusa fundo la kumi, hakula vizuri. Fundo la namba ndogo maana yake maji yamepanda. Fundo dogo maana yake maji yanaegemea ule ukuta.

Vijana walimwita Mzee Kamba. Stanley, mwenzake Optatus, alikuwa bingwa wa kumchokoza.

"Shikamoo Mzee Kamba! Leo umevua perege au kambale?"

"Marahaba. Nimevua ujinga wako, umenikatia kamba."

"Tukaangie basi!"

"Haukaangiki, hauna nyama."

Walicheka wote, na yeye alicheka. Halafu anarudi kwenye fundo lake, na kicheko kinakauka.

Jumatatu ya wiki ile nati iligusa fundo la tisa. Akapanda lori la mkaa mpaka mjini, dukani kwa Hamidi. Hamidi ndiye mwenye duara. Yasinta alikuwa amemsindikiza baba yake, na maneno aliyasikia.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, Hamidi. Pampu inataka mafuta."

"Mvua yote hii? Watu wana maji mpaka kwenye kandambili, wewe unataka nivute mengine niyapeleke wapi?"

"Popote. Yasikae pale tu."

"Mzee Matonya, tangu nikujue unaogopa. Mwaka jana uliogopa, kilitokea nini?"

"Mwaka jana ukuta ulikuwa mnene."

Hamidi si mtu mbaya, wasikilizaji. Alimpa soda. Akamwahidi kwamba Jumamosi atakuja aone mwenyewe, na dizeli atakuja nayo. Jumamosi. Mzee alirudi akiwa na ahadi ya Jumamosi mfukoni. Maji yalikuja Alhamisi.

Baada ya Hamidi, hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Alibaki yeye na kamba yake.

Alhamisi mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Saa mbili asubuhi akateremsha nati. Fundo la nane. Akakaa kwenye jiwe, akasubiri. Saa nne akateremsha tena. Fundo la sita. Pima mbili kwa saa mbili. Hajawahi kuona hivyo tangu aanze kupima. Akaiteremsha mara ya tatu, akidhani vidole vimemdanganya. Fundo la sita, na nati ilipotua haikutulia. Kamba ilikuwa inatetemeka. Maji yalikuwa yanatembea.

Mama Anyesi alikuwa amemletea uji. Anasema hakuunywa. Anasema masikio ya mumewe yalikuwa yamebadilika rangi, kama ya mtu mwenye baridi.

Stanley na Optatus walikuwa chini tangu saa moja. Mzee alikwenda mdomoni mwa shimo la sasa, akainama, akaita kwa nguvu zake zote. "Tokeni! Tokeni, wanangu, amekuja!"

Kutoka chini kikapanda kicheko.

Vijana, wasikilizaji. Wameukuta mwamba mzuri, wamechangamka. Walicheka tu.

Akaita tena. Kicheko tena. Basi akasimama pale, mguu mmoja kwenye udongo, mwingine unatafuta kipandio cha kwanza. Mkewe akamshika shati mgongoni.

"Baba Yasinta, wewe hushuki."

"Najua."

"Miaka yote hushuki."

"Najua, mama. Niachie shati."

Akaliachia. Anasema mpaka leo kiganja kinakumbuka lile shati.

Nimewaambia mimi niliishia kipandio cha saba. Ngoja niwaambie kulivyo mpaka hapo tu. Mwanga unakuwa mdogo kama sahani. Ukuta unakulamba bega, na umelowa. Ngazi ni miti iliyofungwa kwa mipira, inalia ukiikanyaga, na kilio chake kinashuka kabla yako. Unasikia pumzi ya mtu karibu yako, unageuka, kumbe ni yako. Mzee Matonya alipita hapo. Akapita cha kumi, cha ishirini, cha arobaini. Wakati wote huo, ubavuni mwake, nyuma ya mwamba, yalikuwepo maji yaliyombeba mdogo wake.

Optatus aliona miguu kwanza. "Niliona katambuga zinashuka kwenye mwanga wa tochi. Nikamwambia Stanley, hizi si za Mzee Kamba? Stanley akasema, acha utani. Nikajua kuna jambo. Mzee alipofika chini hakuweza kusema. Meno yalikuwa yanagongana. Alinishika mkono akauweka kwenye ukuta. Ukuta ulikuwa unatoka jasho, hilo tulizoea. Lakini ulikuwa unacheza. Kidogo tu, kama ubavu wa mbuzi aliyelala."

Halafu mzee akamulika pembeni. Palikuwa na uzi wa maji, mwembamba, unaruka kutoka kwenye ufa. Maji yalikuwa meupe. Wakawa wanayatazama. Yakageuka mekundu.

Hapo ndipo sauti ya mzee ikarudi. Akasema neno ambalo Optatus analiota. "Yakiwa meupe yana subira. Yakibadilika rangi yana haraka. Pandeni."

Stanley akarudi kuchukua kiroba cha mawe. Wiki tatu za jasho zilikuwa mle. Mzee akamnyang'anya, akakitupa nyuma. "Mwanangu, jiwe hilo limekaa hapa kabla ya babu zetu. Litakungoja."

Stanley akatangulia. Optatus akasimama kando, mzee apite. Ndiyo adabu, mkubwa hutangulia. Mzee akamsukuma. "Nenda. Mimi mzito, nitawazibia njia."

Wakapanda. Stanley juu, Optatus katikati, mzee nyuma. Optatus anasema alikuwa anasikia kiganja cha mzee kikimgusa kisigino kila kipandio, kama anayehesabu. Walipofika zaidi ya nusu, haukuja mlio kwanza. Ulikuja upepo. Upepo kutoka chini, wasikilizaji, wa baridi, wenye harufu ya tope bichi. Ulimvua kofia, ikaruka juu kuliko yeye. Halafu ndiyo ardhi ikanguruma, mara moja tu.

Optatus alikumbatia ngazi. Maji yalimpanda miguu, kiuno, kifua, yakamsukuma juu kama kizibo. Mikono ya kinamama waliokimbilia kelele za mama Anyesi ikamdaka nywele.

Kisigino chake hakikuguswa tena.

Matonya Ndahani. Miaka sitini na mmoja. Alhamisi, machimbo ya Igwata. Waliokuwa chini ni wawili, na wote wawili wametoka.

Ilichukua siku tisa kumpata. Na siku hizo tisa nataka mzijue. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Kila nyumba ilikuwa na maji mpaka ya kumwaga. Lakini asubuhi ya Ijumaa, mama mmoja, Evelina, alikuja machimboni amejifunika kanga kichwani, na mkononi ana chupa ya dizeli. Akapita katikati ya watu. Akaiweka karibu na pampu. Wa pili akaja. Wa tatu. Zamu zikarudi. Hamidi akaja na pampu nyingine, akakaa kwenye tope na suruali yake ya dukani, hakuna aliyemsemesha. Siku tisa Igwata walivuta maji wasiyoyahitaji, wakayamwaga korongoni, mchana wote, hori limefurika na hakuna ng'ombe anayeligusa. Siku ya tisa nati ya kamba yake iligusa fundo la kumi na tano. Wakamtoa. Wakamzika kando ya shamba lake la uwele.

Yasinta ameniomba niseme jambo kwa niaba yake. Anasema, "Baba hakuwa shujaa. Alikuwa mwoga, na nyumbani tulimcheka. Alikuwa anaamka kusikiliza mvua. Msimfanye mtu mwingine."

Sawa, mwalimu. Hatutamfanya mtu mwingine.

Kwa niaba ya kipindi cha Nyayo, natoa pole kwa mama Anyesi, kwa Yasinta, kwa ukoo wote wa Ndahani na kwa watu wa Igwata. Mungu amlaze mahali pakavu. Na wewe mwenye duara unayenisikia, mwenye pampu, mwenye zamu, fikiri leo. Shimo lako la zamani lina fundo la ngapi? Usiulize kiangazi. Kaulize mvua ikinyesha, ukiwa na furaha. Na mzee mwoga akisema jambo, msikilizeni. Mwoga ndiye aliyetazama.

Optatus, ndugu yangu, malizia na neno moja.

"Iddy, umesema baada ya Hamidi hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia."

Ndiyo. Kwa maana ya kwamba...

"Alikupigia wewe."

Optatus, wapiga simu ni wengi, sidhani kama...

"Saa nne na nusu, Alhamisi. Kile kipindi chako cha asubuhi, cha vichekesho. Kule chini tunatundikaga redio kwenye boriti, waya wa antena unapanda na ngazi. Mzee alijua yeye hatumsikii, tunakusikia wewe. Tulimsikia kabisa. Alisema, 'Mwanangu Iddy, waambie vijana wa Igwata watoke, maji yamefika fundo la sita la kamba.' Ukamjibu, 'Mzee, Dodoma nzima inalia na ndoo, wewe maji unayakimbia? Yafunge kwa hiyo kamba mpaka nije na madumu!' Ukakata. Ukaweka wimbo."

Ndugu yangu...

"Stanley alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka, Iddy, sikuonei. Mzee alipokuja kuita mdomoni mwa shimo, tulimrudishia maneno yako. Yafunge kwa kamba, mzee! Kile kicheko ulichosimulia, ndicho hicho."

Mama Anyesi. Mama, mimi...

"Nilikuwa nimesimama naye. Ulipokata, aliitazama simu. Akasema, huyu kijana ana kazi nyingi. Akanipa simu niishike."

Wasikilizaji wapendwa.

Wasikilizaji.

"Sema basi, mwanangu. Wewe wanakusikiaga."